SOMO: KUWATAFUTA WAZEE WETU KATIKA VITABU VYA USHARIKA



Sehemu hii ya somo tumezoea kuitumia kwa mambo ya maji ya bomba, ng'ombe wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii naomba twende wote hadi ofisi ya usharika, tufungue lile kabati lililo nyuma ya mlango, chini ya mabango ya semina zilizopita na vinanda visivyolia. Humo ndimo vilimo vitabu vya zamani vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kazi tuliyoianza ilikuwa ndogo: kuvipiga picha kabla mchwa hawajavimaliza. Hatukutegemea kwamba watu wangeanza kutufuata. Alianza mzee mmoja aliyepita kulipa ahadi yake, akaona tumefungua daftari la zamani mezani, akasimama pale mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Kama humo yumo baba yangu, naomba mnionyeshe." Tangu hapo hatujakosa mtu wa kuuliza.

Kitabu cha Ezra sura ya 2, na tena Nehemia sura ya 7, vinataja watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Wapo makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, wakatolewa katika ukuhani na kukatazwa kula vile vitu vitakatifu. Nilipokuwa chuoni niliipita sura ile upesi, kama wengi tunavyoipita, kwa sababu ni majina matupu. Siku hizi siipiti. Kwa watu wale kuandikwa au kutoandikwa kulihusu kazi, chakula na heshima ya nyumba.

Na kwetu ni hivyo hivyo. Binti aliyezaliwa nyumbani na asiye na cheti cha kuzaliwa huja kuomba cheti cha ubatizo, kwa kuwa ni mojawapo ya vielelezo vinavyoweza kuambatishwa maombi yanapopelekwa RITA. Mjane huja kutafuta mstari wa ndoa yake ya miaka arobaini iliyopita pale shemeji wanapoanza kuuliza yeye ni nani katika kihamba kile. Wengine hawana shauri lolote la sheria. Wanataka tu kujua.

Vitabu vilianzaje

Kwa sharika za Mlima Kilimanjaro historia inajulikana vizuri. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894, na Kidia katika Moshi ya Kale mwaka 1896. Kila kituo kilikuwa na vitabu vyake, na vitabu hivyo vilihudumia eneo kubwa ambalo leo lina sharika nyingi. Kwa hiyo mtu anayesema, "Usharika wetu ulifunguliwa mwaka 1962, babu yangu hawezi kuwamo," anakosea mlango. Babu yake yumo katika kitabu cha usharika mama. Ukitaka kumpata, uliza kwanza: kabla hapa hapajawa usharika, palikuwa mtaa wa wapi? Na kabla ya hapo? Wakati mwingine utapanda ngazi mbili au tatu hadi kufika kwenye kituo cha kwanza.

Ndugu zetu wa Usambara watafanya hivyo hivyo kuanzia Mlalo, palipofunguliwa mwaka 1891, na Vuga, mwaka 1895. Wa Nyanda za Juu Kusini wataanzia vituo vya Misioni ya Berlin, ambayo nayo ilifika mwaka 1891. KKKT kama kanisa moja limezaliwa tarehe 19 Juni 1963, lakini vitabu vyake vingi vina umri mkubwa kuliko lenyewe.

Tusiwasahau jirani zetu Wakatoliki. Katika mlima huu hakuna ukoo usio na watu wa pande zote mbili, na bibi unayemtafuta kwa Walutheri miaka yote huenda alibatizwa parokia ya kwao akaja kwetu kwa ndoa. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki kina jambo moja zuri: kipaimara na ndoa huandikwa tena pembeni mwa jina la mtu pale alipobatizwa. Nimekaribishwa vizuri na maparoko kila nilipokwenda na barua ya mchungaji. Bila barua, kama ilivyo kwetu, ni vigumu.

Anza nyumbani

Kosa la wengi ni kukimbilia ofisini na jina moja tu, kwa mfano Yohane. Katika kitabu kimoja akina Yohane wako wengi kuliko unavyofikiri. Kabla hujafunga safari, keti na wazee wa nyumba yenu, hasa akina mama, uandike: jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba yake, kijiji au kitongoji, ndugu zake waliofuatana, na nani alimsimamia. Jina la ukoo lina faida ndogo katika vitabu vya kwanza, kwa sababu mara nyingi halikuandikwa. Mtu aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, basi.

Kuhusu miaka, usimwulize mzee, "Alizaliwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka wowote ili kukuridhisha. Muulize alizaliwa kabla au baada ya jambo gani. Katika mlima huu tuna alama za kutosha: sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, Mangi Meli aliponyongwa mwaka 1900, reli ilipofika Moshi mwaka 1911, vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyoanza mwaka 1914, mafua makubwa ya mwaka 1918. Mzee aliyeniambia kwamba mama yake "alikuwa na ujauzito wake Wazungu walipokuwa wanapigana" alinipa mwaka ulio sahihi zaidi kuliko ule ulioandikwa kwenye kitambulisho chake.

Desturi ya kurithisha majina nayo inasaidia. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hivyo kwa mabibi. Ukiyaona majina ya watoto wanne wa nyumba moja, unaweza kukisia majina ya wazazi wa pande zote mbili kabla hujayapata. Ni makisio tu, lakini yanakuonyesha pa kutafuta.

Kusoma mstari mmoja

Mstari wa kitabu cha ubatizo ni mfupi, na mtu asiyezoea ataona jina na tarehe tu. Kwa kawaida kuna namba, tarehe ya ubatizo, jina la zamani, jina jipya, umri au tarehe ya kuzaliwa, mahali, wazazi, wasimamizi, jina la aliyebatiza, na nafasi ya maelezo. Kila safu ina lake la kusema.

Namba ni ya thamani kwa sababu hiyo hiyo huweza kuonekana tena kwenye kitabu cha kipaimara na cha ndoa. Tarehe nayo inasema. Watu wazima walibatizwa kwa makundi baada ya mafundisho ya muda mrefu, mara nyingi katika sikukuu kubwa. Ukimpata babu yako, usifunge kitabu. Soma wote waliobatizwa siku ile. Walikaa pamoja darasani kwa miezi mingi, na mara nyingi utakuta ni mtu na mdogo wake, au marafiki wa rika moja, au mume katika mstari mmoja na mke mistari sita chini yake.

Umri wa watu wazima ni wa kukadiria. Neno la Kijerumani "etwa" maana yake ni "kama" au "yapata". Ukiona limetangulia umri, ujue mmisionari alimtazama mtu usoni akakisia. Usigombane na ndugu zako kwa ajili ya miaka mitano.

Safu ya wazazi inahitaji uangalifu. Neno "Heide" litawaumiza baadhi yenu. Ni "mpagani", na ndivyo walivyoandika. Mwanamume mwenye wake wengi kwa kawaida hakubatizwa mpaka akubali kubaki na mmoja, ila wake na watoto wake wangeweza kubatizwa. Ndiyo maana unaweza kukuta mama na watoto watano ndani ya kitabu, na baba asionekane popote. Haina maana kwamba hakuwapo, au kwamba watoto hawakuwa wake. Alikuwa nyumbani kwake, nje ya kitabu.

Sasa mwandiko. Wajerumani wa wakati ule waliandika kwa mkono wa namna yao, na hata Mjerumani kijana wa leo hausomi bila kufundishwa. Herufi e inafanana na n. Herufi u imewekewa kikunjo juu ili isichanganywe na n. Herufi s ya katikati ya neno ni ndefu kama f. Hata hivyo tuna bahati: majina ya watu na mahali, kwa kuwa yalikuwa ya kigeni kwao, mara nyingi waliyaandika kwa herufi za kawaida tunazozisoma. Kinachotuzuia ni namna yao ya kuendeleza maneno. Machame imeandikwa "Madschame", Moshi ni "Moschi", Yohane ni "Johane". Sauti yetu ya sh ni "sch" kwao, au s yenye alama juu yake, na y yetu ni j. Kwa hiyo usitafute kwa macho peke yake. Soma kwa sauti. Nimekaa na mama mmoja wa darasa la saba ambaye alilitambua jina la shangazi yake kwa kusikia tu nilivyokuwa nikilitamka vibaya, wakati mimi na shahada yangu nilikuwa nimelipita mara mbili.

Vifupisho ni vichache na hujifunza kwa siku moja: "geb." ni amezaliwa, "get." ni amebatizwa, "gest." ni amekufa, na msalaba mdogo una maana hiyo hiyo. Ukikuta "7ber" si Julai, ni Septemba; "8ber" ni Oktoba. Kosa hilo mimi nimelifanya.

Halafu kuna mapengo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Leipzig waliondolewa nchini, mwaka 1920, na kazi ikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika, hata walipokuja Waluteri wa Augustana kutoka Marekani kusaidia. Waleipzig walirudi katikati ya miaka ya 1920, wakaja kuwekwa kizuizini tena wakati wa Vita vya Pili. Vipindi hivyo unaviona kitabuni bila kuambiwa: mwandiko unabadilika ghafla, Kijerumani kinakoma, majina ya kwetu yanaandikwa sawasawa kwa mara ya kwanza. Wengine husema vitabu vya miaka ile ni vibaya. Mimi naona ni vizuri kuliko vyote, ingawa wino wake ulikuwa wa kubahatisha. Mwalimu aliyeandika aliwajua watu wake.

Bibi aliyetoka mbali

Katika ukoo wetu orodha ya wazee inakaririwa bila kukosea, baba kwa baba, vizazi saba. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndiyo historia yote. Baadaye nikagundua kwamba ndani ya vizazi saba hakuna mwanamke hata mmoja. Kitabu cha ubatizo, pamoja na ukali wake wote, kina safu ya mama.

Nilimtafuta mama yake babu, mzaa baba yangu. Kwetu ilijulikana kwamba alitoka katika nyumba moja yenye heshima, ng'ambo ya mto, na hadi leo tunapopika pombe ya sikukuu watu wa nyumba ile hupelekewa kibuyu chao kama wakwe. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitaka tu kupata tarehe.

Nilimpata kwenye ubatizo wa mwaka 1909, kwa sababu jina lake la ubatizo si la kawaida. Umri: "etwa 18". Jina la zamani lilikuwa neno ambalo halikuwa la Kichagga. Mahali: "aus Pare", yaani kutoka Upare. Wazazi: "unbekannt". Hawajulikani.

Nilimwita mchungaji anisaidie kusoma, nikidhani nimekosea tena. Sikuwa nimekosea. Miaka ile ya mwisho wa karne ya 19 watoto wa Upare walichukuliwa katika vita vya kutekana na kwa biashara ya watumwa, na wengine walifika milimani kwetu kwa njia hizo. Mmoja wao alikuwa bibi yetu.

Nilikwenda kwa Baba Mkubwa Jumapili iliyofuata, nikamweleza polepole. Alikaa kimya. Akauliza nani mwingine ameona. Nikamwambia mchungaji. Akasema, "Hayo yabaki huko huko kitabuni, mwanangu." Nilielewa. Kwa mila zetu mwanamke asiye na baba wa kupokea mahari ni mwanamke wa kuulizwa, na watoto wake ni watoto wa kusemwa wakati wa kugawana ardhi. Baba Mkubwa amekaa kwenye vikao vya ukoo miaka mingi; anajua maneno yanavyoweza kutumika.

Nilirudi kitabuni si kwa ubishi, bali kwa sababu kulikuwa na jambo halijakaa sawa. Kama alitoka Upare, ile nyumba ya ng'ambo ya mto ilikuwa nani kwetu? Jibu lilikuwa kwenye safu ambayo sikuisoma mara ya kwanza, safu ya wasimamizi. Aliyemsimamia siku ya ubatizo alikuwa mama wa nyumba ile. Na kwenye kitabu cha ndoa, miaka miwili baadaye, mahali pa baba wa bibi arusi limeandikwa jina la mume wa mama huyo, na pembeni neno la Kijerumani lenye maana ya mlezi. Walimpokea, wakamlea, wakasimama kama wazazi wake, wakapokea mahari yake. Kibuyu tunachowapelekea kila mwaka kinakwenda mahali pake.

Wazee wetu hawakutudanganya, basi, na kitabu nacho hakikudanganya. Kila mmoja alikuwa na nusu. Shangazi nilipomweleza alicheka kidogo, akasema yeye alijua tangu utotoni, kwa sababu bibi yule alipokuwa akimbembeleza mtoto aliimba maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. "Lakini hakuna aliyeniuliza," akasema.

Krismasi ile, watu wote walipokuja nyumbani kutoka mijini, Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyesimama akawasimulia watoto. Alianza na nyumba ya ng'ambo ya mto, kwa urefu, na wema wao. Kisha akataja Upare, kwa sentensi moja. Akaketi. Mimi sikuongeza kitu. Ninapoisoma Injili ya Mathayo sura ya kwanza na kuwakuta Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria katikati ya orodha ndefu ya wanaume, namkumbuka bibi huyo.

Kitabu si cha kila mtu kufungua

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwanzoni mwa kazi hii, kijana mmoja aliyevaa vizuri na kuongea kwa adabu aliniomba nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo, akisema anatengeneza historia ya familia. Nilimpa bila kumwuliza zaidi. Wiki tatu baadaye ukurasa ule ulisomwa katika kikao cha ukoo, kumwonyesha binamu yake, mzee wa miaka sabini na zaidi, kwamba siku ya ubatizo wake nafasi ya baba iliachwa wazi. Mzee yule hakurudi kanisani kwa muda mrefu. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa chai, wala hakulitaja jambo lile hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Vitabu vyetu vina mambo ya nidhamu ya kanisa, waliotengwa na waliorudishwa kundini, watoto wa nje ya ndoa, watu waliofika kama mateka. Kwa hiyo sasa tuna utaratibu. Anayeomba huandika anamtafuta nani, ni nani kwake, na kwa ajili gani. Mchungaji au mzee wa kanisa aliyeteuliwa hutafuta mwenyewe na kunakili mstari unaohusika, si ukurasa mzima. Picha za simu haziruhusiwi kwa mwombaji. Habari za mtu aliye hai hatoi mtu mwingine ila yeye mwenyewe. Hili si la adabu tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana hata sisi wa kanisa, na imani ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti.

Kwa watafiti na jamaa walioko ng'ambo, habari njema ni kwamba si kila kitu kimefungwa ndani ya kabati letu. Nyaraka za Misioni ya Leipzig zinatunzwa Halle, Ujerumani, katika taasisi za Francke. Za Bethel, waliofanya kazi Usambara na Bukoba, ziko Wuppertal. Picha nyingi za Leipzig zilizopigwa Kilimanjaro zinaonekana kwa intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California, na vijana wa usharika mmoja wamekwishamtambua babu yao mwalimu kwenye mojawapo. Lakini vitabu vyenyewe vya ubatizo kwa kawaida vilibaki sharikani. Kikiliwa na mchwa kitabu cha usharika wako, usitegemee kwamba kuna kingine Ulaya.

Kuvitunza

Nimeona kitabu kimoja ambacho miaka saba ya mwanzo wa karne iliyopita imekuwa unga. Kilikuwa kimelazwa sakafuni, kimeegemea ukuta wenye unyevu, kwa heshima kabisa, kimefunikwa kitambaa cha altare kilichochakaa. Mama mjane aliyekuja na mwanawe kutafuta mstari wa babu wa mume wake tulimwonyesha ule unga. Hatukuwa na la kumwambia.

Kinachotakiwa si fedha nyingi. Kabati la chuma la fundi wa hapa hapa, lenye miguu, lisiloguswa na ukuta. Vitabu vilazwe, visisimamishwe, vile vikubwa chini. Msitie selotepu kwenye ukurasa uliochanika. Baada ya miaka michache gundi yake inageuka kahawia na kula wino. Msipeleke kurasa kufunikwa plastiki kwa moto. Na nawasihi makatibu wetu: msikolezee maandishi yaliyofifia kwa kalamu ya bluu. Mara mbili nimekuta jina lililokolezewa likawa jina jingine. Mikono iwe safi na mikavu, chai ikae meza nyingine.

Kupiga picha kunawezekana kwa simu nzuri, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, watu wawili, mmoja akifunua na mwingine akipiga. Piga jalada kwanza, kisha kila ukurasa hata ulio mtupu, ili baadaye asiwepo wa kuuliza kama kuna uliorukwa. Nakala moja ibaki kwa mchungaji, nyingine ije ofisi ya dayosisi. Marafiki walioko Ujerumani na Marekani waliotupatia kamera na diski za kuhifadhia, tunawashukuru sana. Mmetuuliza kwa barua mnaweza kusaidia nini zaidi. Jibu langu ni makabati, na nauli ya wazee wachache wanaosoma mwandiko wa Kijerumani wakae na vijana wetu kwa juma moja moja. Wazee hao hawazidi kupatikana.

Kwa kamati za sharika, kabla ya kikao chenu cha robo mwaka ijayo naomba mfanye haya. Mtu mmoja aandike vitabu vyote vilivyopo: ni vya nini, vinaanza mwaka gani, vinaishia mwaka gani, na hali yake. Mjue usharika mama wenu ni upi, na kama kuna kitabu chenu kilichobaki huko. Mjadili nani atashika ufunguo, na mtamjibu nini kijana aliyevaa vizuri atakapokuja kuomba ukurasa mzima. Kisha chagueni bibi mmoja aliye hai, mwenye umri kuliko wote mtaani, mmpelekee sukari na sabuni, mmwulize ni nani aliyemsimamia ubatizo. Andikeni majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, myaweke ndani ya kabati lile lile. Orodha zitumwe ofisini kwetu kupitia kwa mkuu wa jimbo.